Miche Iliyoanikwa Kama Maharage

Wekeni kwanza hizo keni za kumwagilia chini. Ndiyo, nyote. Nawaona kila asubuhi mkifika hapa kitaluni: hamjashika hata kiriba kimoja, hivi vifuko vya plastiki vya miche, hamjachungulia hata mche mmoja, tayari maji yanachuruzika mpaka kwenye kijia. Shikamoo zenu nimezipokea, marahaba, ila shikamoo haioteshi mti. Mimi nimestaafu, sina amri tena juu ya mtu, lakini mdomo wangu bado uko kazini. Mkitaka kunikasirikia, kasirikeni mkiwa mmekaa. Vuteni hayo mabenchi niwaambie kidogo juu ya kazi hii ambayo mnadhani ni ya kumwaga maji.

Nilianza kitaluni nikiwa msichana, kule Biharamulo, kwenye shamba la miti. Nikaolewa nikiwa kitaluni, nikazaa nikiwa kitaluni, karibu nizalie kwenye matuta kabisa. Nilipostaafu nikarudi kwetu hapa Mugoma nikidhani nitapumzika, kumbe kina mama wa kikundi cha kuotesha miti walikuwa wananingoja na mbegu mkononi. Jina langu la ubatizo ni Yustina. Siku hizi hata padri akinikuta barabarani ananiita Mama Kitalu, nami naitika.

Basi, sikilizeni. Mche haujilishi peke yake. Chini ya udongo kuna kuvu, ndugu zake uyoga, inayojishika kwenye mizizi na kutandaza nyuzi nyeupe, nyembamba, mpaka mahali ambapo mzizi wenyewe haufiki. Nyuzi hizo zinaleta maji na chakula cha udongo. Mti nao unatengeneza sukari kwenye majani, unaishusha chini, kuvu inakula. Wanaishi kwa kupeana. Msonobari hasa, ukiunyima kuvu yake, unadumaa tu: unakuwa na rangi ya njano, unasimama pale mwaka mzima kama umeadhibiwa.

Na kuvu hiyo ni kiumbe kinachopumua. Ukiifurikisha maji, inakosa hewa. Ukiiacha ikauke kabisa, inakufa. Inataka udongo wenye unyevu wa kadiri, na hicho "kadiri" ndicho nilichokihangaikia maisha yangu yote. Hakiko kwenye saa wala kwenye kalenda. Kiko kwenye vidole.

Aliyenifundisha vidole ni Mama Spesioza, msimamizi wetu kule Biharamulo, mzaliwa wa Bisibo. Mwanamke mnene, mpole wa sauti, lakini akikutazama tu unakumbuka dhambi zako zote. Sisi wageni wa kazi tulitaka tuonekane wachapakazi. Anayefika asubuhi anamwagilia. Anayefika baadaye, hajui kama mwenzake amemwagilia, naye anamwagilia. Jioni wote tunamwagilia kwa pamoja huku tunaimba. Miche ikaanza kulala. Shingo zinalainika, zinakuwa nyeusi, mche unaanguka kando. Mama Spesioza akapita katikati ya matuta, mikono nyuma, akasema polepole, "Nani amewalewesha watoto hawa?"

Tulitazama miguu yetu.

Akaokota udongo wa kiriba kimoja akamwekea kila mmoja wetu kiganjani. "Finya," akasema. Tukafinya. Maji yakatoka katikati ya vidole. "Huu umezama. Humo hamna hewa, hata kuvu imekufa." Akatugawia udongo mwingine, wa kwenye kona isiyofikiwa na keni. Tukafinya, ukasambaratika kama unga. "Huu una kiu." Halafu akachanganya mwenyewe, akanyunyiza maji kwa mkono, akafinya donge. Likashikana. Akaligusa kwa kidole kimoja, likapasuka vipande. "Hapa ndipo kuvu inapokaa raha mustarehe. Pengine popote ni mateso." Tangu siku hiyo tulimwagilia baada ya kufinya, na siku nyingine hatukumwagilia kabisa, tukaona aibu kupokea mshahara.

Kufinya ni kwa udongo wa kuchanganya. Kwa kiriba chenye mche alitufundisha kunyanyua. Juu panaweza kuwa pakavu, pana nyufa, huku chini kumelowa tepetepe. Macho yanadanganya. Nyanyua kiriba kilichonyweshwa jana, nyanyua cha juzi, nyanyua chenye kiu, mpaka mkono uzoee uzito wa kila kimoja. Mkono ukishazoea, huhitaji kuuliza mtu.

Siku moja wanaume wa kitaluni walitumwa na lori kuleta udongo kutoka chini ya misonobari mikubwa. Hiyo ndiyo ilikuwa njia yetu ya kuleta kuvu: unachota udongo wa chini ya mti mzee, unauchanganya kwenye viriba vya watoto. Kilikuwa kiangazi, jua la kupasua kichwa. Wakajaza lori waziwazi, hawakufunika, wakasimama njiani kula mishikaki. Walipofika, Mama Spesioza akapanda tairi, akachota, akanusa. Udongo wenye kuvu hai unanukia uyoga, mtaijua harufu yenyewe pua zikizoea. Akanusa mara ya pili. "Mmeniletea vumbi," akasema. Dereva akabisha kwamba udongo ni udongo. Mama akamwambia, "Basi nawe mtu ni mtu, kesho nikuanike juani tuone." Jamani, tulicheka hadi tukakaa chini! Lori likarudi siku hiyohiyo. Mara ya pili udongo ulikuja kwenye magunia, umefungwa na majani ya mgomba mabichi ndani, unyevu wake uleule wa kule ulikotoka.

Nimewaeleza hayo ili mnielewe nitakapofika kwa Anjelina, maana hapo ndipo nilipoona kazi hii inaweza kumfukuza mtu kwake au kumrudisha.

Anjelina mnamfahamu, yule anayeuza maparachichi siku za gulio. Wakati ule alikuwa mjane mbichi. Mume wake, Gaspari, alimwachia mabinti wawili wadogo na sehemu yake ya urithi: kile kilima cha mawe juu ya chemchemi. Siku ya kumaliza matanga ukoo ulikaa. Shemeji yake mkubwa, Festo, akasema wazi kwamba kilima kirudi kwa ukoo kwa sababu Gaspari hakukilima, na mabinti wataolewa waende kwa wenzao. Festo hakuwa mtu mbaya, nisije nikamsingizia. Alikuwa na vijana wanne wakubwa na hana pa kuwaweka. Lakini pale palikuwa pa Anjelina, na bila pale hakuwa na pa kuwalea watoto wale ila kurudi kwa kaka zake, na kwa kaka zake alishaambiwa hakuna nafasi.

Mzee Baltazari, mkubwa wa ukoo, akakata shauri kwa desturi ya kwao. Ardhi isiyoonyesha mkono wa mtu inarudi kwa ukoo. Anjelina akapewa mpaka kiangazi cha mwaka utakaofuata. Wazee watapanda kilimani kwa miguu yao. Wakikuta kitu chake kilicho hai kimesimama pale, ni pake na wanawe. Wakikuta nyasi na mawe, Festo anachukua.

Akaja kwangu siku ya pili yake. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba mwanangu. Kaa."

Hakukaa. "Muhogo haukubali pale. Maharage hayakubali. Mikaratusi serikali ya kijiji imekataza kwa sababu ya chemchemi. Mama, niambie kinachokubali mawe."

Nikamwambia msonobari, lakini msonobari uliolelewa vizuri, siyo huu wa kununua njiani ukiwa umefungwa kamba. Akajiunga na kikundi. Akajaza viriba vyake mwenyewe kando ya vile vya kikundi, akasia mbegu, akapandikiza, akatunza. Mikono ya yule mwanamke! Kama kazi ingekuwa mikono tu, angekuwa ameshashinda. Miche ikatoka kijani kizito, nikafurahi, nikaanza kumwonea fahari kama nimemzaa.

Kiangazi kikaingia. Nikaenda Kabanga kwenye harusi ya mpwa wangu, na kwa kuwa Kabanga ukifika hutoki upesi, nikakaa siku kadhaa nikinunua viriba na kusikiliza habari za mpakani. Nilimwachia Anjelina kazi ya kusogeza viriba ili mizizi isitoboe na kuingia ardhini. Akasogeza. Na chini ya viriba akaona utando mweupe umetambaa.

Sasa fikirini ninyi wenyewe. Ni msimu wa kuvuna maharage, kila uwanja hapa Mugoma umetandikwa mikeka. Mama wa kwetu akiona weupe kwenye maharage, kwenye karanga, kwenye mahindi, anajua huo ni ukungu, ukiuacha watoto wataugua. Dawa yake ni moja: toa nje, tandaza, geuza, jua liue. Alifundishwa hivyo na mama yake, naye mama yake na bibi yake. Mimi nilishawaambia habari za kuvu, ndiyo, lakini katika akili yake kuvu ya Mama Kitalu ilikuwa kitu fulani cha ajabu huko ardhini. Huu mweupe alikuwa anaujua. Ni adui wa nyumbani.

Nikashuka kwenye pikipiki na mzigo wangu. Nikaona kivuli cha kitalu kimefunuliwa. Nikaona mikeka uwanjani. Juu ya mikeka, katikati ya maharage ya watu, viriba vya Anjelina vimepangwa kimoja kimoja, vimeachiana nafasi, vinapigwa na jua la saa saba. Yeye mwenyewe amechuchumaa na kitambaa anafuta weupe uliobaki chini ya kiriba.

Akaniona akatabasamu. "Mama, umekuja! Miche ilikuwa imeanza kuvunda. Nimeiwahi."

Yesu na Maria! Nilitupa mzigo. Nilipiga kelele mpaka mbuzi wakakimbia. "Anjelina! Umeanika watoto wako!" Mnajua hasira zangu, zinakuja mbio na zinaondoka mbio, lakini zikija hazichagui maneno. Nilimwambia mengi. Alipoelewa alichofanya hakulia kwa sauti, alikaa tu kwenye mkeka, kitambaa mkononi, akasema, "Basi kilima kimekwenda." Hapo hasira zikanitoka zote, nikaona uchungu mtupu. Ningemlaumu kwa lipi? Nani alimwambia mwanamke wa Mugoma kwamba kuna ukungu wa kulelewa?

Nikaomba kisu. Nikapasua kiriba kimoja toka juu hadi chini. Pembeni udongo umekuwa unga. Nikazidi kuchimba kwa kidole kuelekea katikati, na pale mizizi ilipojikusanya nikakuta donge dogo kama limau, bado bichi, na ndani yake nyuzi nyeupe zimekumbatia mizizi. Nikamwekea puani. "Nusa."

Akanusa. "Uyoga," akasema.

"Basi bado hatujazika mtu. Inuka."

Tukarudisha viriba kivulini, tukavibananisha. Yeye akakimbilia ndoo. Nikamzuia. Hapa sikilizeni vizuri, maana ni kosa mnalolifanya kila kiangazi. Udongo uliokauka kabisa unakataa maji. Ukiumwagia kwa wingi, yanateleza pembeni ya plastiki yanatokea chini, wewe unaona pamelowa unaridhika, kumbe katikati ni jangwa. Na pale yatakapoingia kwa fujo, yatajaza kila tundu na kuizamisha ile kuvu kidogo iliyobaki. Nyunyiza kidogo, ngoja. Nyunyiza tena, ngoja. Anjelina alitaka kuiomba miche msamaha kwa maji. Nilimnyang'anya keni mara nyingi mpaka akaanza kunichukia.

Halafu tukafuata udongo mpya kwenye misonobari ya zamani ile ya karibu na shule. Juu palikuwa pakavu, lakini ukisukuma kando majani yaliyoanguka na kuchimba kidogo, unakuta tabaka lenye unyevu na nyuzi. Tukafunga kwenye majani ya mgomba, tukatembea upesi, hatukusimama kusalimia mtu. Waliotusalimia walidhani tumegombana. Kila kiriba tukakitoboa pembeni kwa kijiti, tukatia udongo ule karibu na mizizi, tukaziba.

Karibu nusu ya miche ilikufa. Iliyobaki ikageuka njano, mingine zambarau kwenye ncha kama ganda la kitunguu. Festo alipita akasimama. "Shemeji, kuni hizi unauza?" Kina mama wengine walicheka kidogo, siyo kwa ubaya, mnajua tulivyo. Anjelina alichuchumaa kwenye viriba vyake. Alinyanyua kiriba kimoja, akakirudisha, akanyanyua kingine. Alikuwa anapima uzito, kama nilivyomfundisha.

Mimi mwenyewe nikawaza nitie mbolea ya dukani ili irudishe rangi. Aliyenizuia ni Elias, Bwana Miti wetu, kijana aliyekuwa ametoka chuoni. "Shikamoo Mama. Usiitie," akasema. "Ukiishibisha miche mbolea sasa, haitaihitaji kuvu, na kuvu haitarudi." Kumbe! Mimi nilijua mambo kwa mkono, lakini sababu zake nyingi nilizipata kwa kijana yule, na ninamshukuru hadi leo. Ndiye aliyenieleza kwamba udongo una vyumba vidogo vidogo, vingine vinakaa maji na vingine hewa, na ukivijaza vyote maji kila kilicho hai mle kinakabwa. Baada ya wiki kadhaa akarudi, akang'oa mche mmoja, akausuuza polepole, akampa Anjelina kioo chake cha kukuzia. "Tazama vile vimizizi vifupi. Vimegawanyika ncha kama panda ya manati, vimenenepa, vimevaa weupe. Hiyo ndiyo kuvu imerudi kazini."

Anjelina akatazama muda mrefu. Alipotoa jicho, kioo kilikuwa na machozi. Akasema, "Na mimi nilikuwa naifuta kwa kitambaa."

Majani yakarudi kijani taratibu, kuanzia katikati. Tukaanza kuipunguzia miche maji kidogo kidogo, ili izoee maisha ya kilimani ambako hakuna keni. Hapo napo pana kipimo: unaiacha isikie kiu, huiachi ife kiu. Miche iliyonyweshwa kila siku ikipelekwa shambani inashtuka, haijawahi kutuma nyuzi zake mbali kutafuta.

Mvua ya kwanza ya vuli ikaja usiku mmoja kwa ngurumo. Asubuhi kila mtu anapanda. Barabara yote imejaa watu na miche kwenye mabeseni, wanaimba. Hata mimi, mzoefu wa miaka yote hiyo, nikamwambia Anjelina, "Haya, leo." Akachukua jembe akapanda kilimani. Nikamfuata nikihema. Akachimba shimo moja, akaingiza mkono. Juu matope. Akashusha vidole zaidi, akatoa udongo, akaufinya. Ukasambaratika.

"Bado, Mama," akasema.

"Watu wote wanapanda, mwanangu."

"Imelowa kidole tu. Chini kuna kiangazi bado."

Nilitaka kubisha, nisiseme uongo, kwa sababu mvua zikikatika asingepata nafasi nyingine kabla ya wazee kuja. Festo alikuwa anapita bondeni na miche ya mikaratusi ya wanawe kupeleka upande wa pili, akapaza sauti, "Shemeji, mvua imeshakuita, unangoja barua?" Watu wakacheka. Anjelina akashuka na jembe lake, akapita katikati ya kicheko kile bila kuinamisha kichwa. Mimi nyuma yake nilikuwa ninasali.

Mvua ikakatika. Jua likatoka kama halijawahi kuondoka. Siku zikaenda, miche ya watu ikanyauka palepale ilipopandwa, na usiku Anjelina, aliniambia baadaye, alikuwa hapati usingizi akiwaza kwamba huenda mvua hairudi tena. Kila asubuhi anapanda kilimani, anachimba, anafinya, anashuka. Mimi nilikuwa simuulizi. Naangalia tu uso wake akiwa anashuka.

Ikarudi. Safari hii haikuwa ya ngurumo, ilikuwa ile ya taratibu, ya kutwa, inayoingia mpaka kwenye mifupa. Siku moja akashuka kilimani anakimbia, matope hadi kiwikoni, ananionyesha donge. Likashikana. Akaligusa, likapasuka. "Mama, mpaka kwenye kiwiko ni hivi hivi!" Tulipanda wote, kikundi kizima, na kina mama waliomcheka ndio waliobeba mabeseni mazito. Hakuna aliyeruhusiwa kuacha mche juani. Kila mmoja aliukabidhi ardhini na udongo wake mzima wa kiriba, plastiki tu ndiyo tuliitoa.

Siku hizi mambo yamebadilika, najua. Kuvu inauzwa dukani kwenye pakiti, ya unga. Mna trei badala ya viriba, mna mipira yenye matundu inayodondosha maji yenyewe, mna simu ya kuuliza kila kitu. Sizikatai, nimezitumia, ni nzuri. Ila nimemwona mtu akitia unga huo wa bei ghali kwenye udongo mkavu wa kupukutika, halafu analalamika kwamba ameuziwa feki. Mwingine ameutia kwenye tope. Kuvu ya pakiti nayo inapumua na inasikia kiu. Na msidhani ni habari za misonobari tu. Mgomba, kahawa, maharage, vyote vina kuvu zao, ni vile hazionekani kwa macho, lakini kiasi cha unyevu kinachozifaa hakitofautiani sana.

Kiangazi kikafika, kile walichokubaliana. Wazee wakapanda kilimani asubuhi, Mzee Baltazari mbele na fimbo, Festo na wanawe wawili, na sisi kina mama nyuma tukijifanya tunatafuta kuni. Anjelina alishika mabinti zake mkono mmoja mmoja. Nyasi zote zilikuwa zimekauka na kuwa rangi ya mkate. Miche ilisimama katikati ya mawe, mingine inafika magotini. Jua na vumbi vilikuwa vimeifubaza, kwa mbali haikuonekana kijani sana.

Festo akazunguka akatazama. "Mzee, tusidanganyane," akasema. "Hivi ni vijiti vilivyochomekwa. Mvua ilivisimamisha, sasa vimekwisha. Nitawaonyesha."

Akainama, akashika mmoja kwa mkono mmoja, akavuta. Anjelina alifunga macho. Niliona midomo yake inasogea, na nilijua anachosema kwa sababu na mimi nilikuwa nasema hichohicho.

Mche haukutoka.

Festo akapanua miguu, akashika kwa mikono miwili, akavuta tena. Shina likapinda, udongo wa pembeni ukainuka kidogo, ukapasuka nyufa, na kwenye zile nyufa nyuzi nyeupe zikaonekana, zimeshika mawe, zimeshika udongo, kavu juu lakini chini yake pabichi. Mche ukarudi ukasimama. Festo akabaki ameinama, anahema, anatazama viganja vyake vilivyonata utomvu. Binti mdogo akauliza kwa sauti, "Mama, kwa nini Baba Mkubwa anavuta mti wetu?"

Hakuna aliyecheka. Mzee Baltazari akainama kwa shida, akaingiza kidole kwenye ufa ule, akakitoa, akakisugua na dole gumba. Kilikuwa na unyevu. Akajifuta kwenye koti, akageukia njia ya kushukia.

"Tushukeni," akasema. "Hapa pana mwenyewe."